Kiti cha Katikati

Kila NEMC, baraza la mazingira, inapofungia baa kwa ajili ya kelele, jirani zangu hunitazama mimi. Kwa akili zao, mwenye spika mbili kubwa sebuleni ni ndugu wa mwenye baa. Wageni kutoka nje nao wana yao: Mswahili hajui muziki usio na kishindo, na ushahidi wao ni sabufa iliyowakesheza siku ya kigodoro cha mtaa wa pili. Nimechoka kunyamaza. Sisi wapenzi wa spika za nyumbani, wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, ni jamii yenye mila zake, na mila hizo karibu zote zinahusu kutulia kitako na kumkirimu mgeni. Kelele ni shughuli ya watu wengine.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayotusafisha. Spika nzuri ya nyumbani inayopimwa desibeli 90 hutoa sauti hiyo, umbali wa mita 1, kwa wati 1 tu. Ukitaka kuongeza desibeli 3, wati lazima ziwe maradufu. Ukitaka kuongeza 10, ziwe mara 10. Mtu anayesikiliza taarabu baada ya isha anatumia wati moja, pengine nusu. Ile sabufa iliyoandikwa wati 12,000 ubavuni haituhusu. Igeuze, usome kibandiko cha nyuma, utakuta inakula wati 60 kutoka ukutani. Hizo elfu nyingine zimetoka wapi? Mwulize kijana wa duka. Jibu lake ni kupandisha sauti.

Kuchagua kwetu kuna adabu zake. Huendi Kariakoo mikono mitupu, unakwenda na muziki wako, zamani kaseti, leo flashi. Wimbo wa duka haukubaliwi kabisa: umechaguliwa na anayetaka kuuza, una besi ya kompyuta na hauna mtu ndani yake. Sisi hupeleka sauti ya mwanamke, taarabu ya Culture Musical Club au mwimbaji yeyote tuliyewahi kumsikia akiimba mbele yetu. Ngoma unaweza kudanganywa, lakini shangazi akianza kuimba kwa kubana pua utajua tu. Kisha unaomba sauti ipunguzwe, na hapo muuzaji hununa. Spika mbovu ikipigwa juu huonekana hodari. Ikipigwa chini, maneno ya wimbo ndiyo yanayotangulia kupotea.

Boksi linagongwa kwa kifundo cha kidole. Likijibu kwa mlio mrefu, mbao zake ni nyembamba, litaimba lenyewe pamoja na bendi. Likisema dup likanyamaza, tuongee bei. Kwa vyombo vilivyotumika, vinavyoletwa kutoka Uingereza na Dubai, tunavua kitambaa cha mbele na kuisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Ukingo wa sponji nao unabonyezwa, kwa sababu joto na unyevu wa pwani huula mpaka ukabaki unga. Wa raba hudumu zaidi. Fundi mzuri atakubandikia sponji mpya, hata koili atakusukia, ila punguzo lidaiwe kabla ya kutoa pesa.

Mila ninayoililia zaidi ni ya boksi la kuchongesha. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo kwa miaka mingi bwana wa sebule alikuwa redio. Aliyekuwa na ndugu baharia aliletewa jozi nzima kutoka ng'ambo. Sisi wengine tulinunua spika tupu, woofa ya inchi 8 au 10 na twita yake, tukaenda kwa seremala wa Keko na vipimo kwenye karatasi ya daftari. Mninga ulikuwa wa wenye nazo, wengine tulitosheka na plaiwudi ya milimita 18. Ndani tulijaza sufi, sufi ya msufi kabisa, ile ya mito, ili sauti ya nyuma ya koni isirudi kuivuruga ya mbele. Nasikia leo watu wanaagiza pamba maalumu kutoka Ulaya kwa kazi hiyo hiyo. Haya.

Na asije mtu akasema tulikuwa tunabahatisha. Hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ndiyo inayoamua besi itashuka mpaka wapi. Mmarekani Edgar Villchur alionyesha mwaka 1954 kwamba boksi dogo lililozibwa kabisa, hewa yake ikifanya kazi ya springi, laweza kutoa besi iliyokuwa ikidai kabati zima. Baadaye Neville Thiele na Richard Small, huko Australia, waliweka hesabu za boksi lenye tundu. Seremala wa Keko hakuwasoma mabwana hao. Alitoboa tundu, akachomeka bomba la maji la plastiki refu kuliko lilivyotakiwa, kisha akalipunguza kwa msumeno kidogo kidogo huku wimbo unapigwa, hadi besi ikakaa mahali pake. Ukikata mno umeharibu. Kazi hiyo ilikula alasiri nzima, seremala, fundi redio na mwenye boksi wakibishana, wapita njia wakitoa hukumu, chai ikija na kuondoka. Fundi redio alimalizia kwa kuiwekea twita kapasita ya mikrofaradi 4.7, ambayo kwa spika ya omu 8 huipitishia sauti za kuanzia hezi 4,200 hivi kwenda juu na kuikinga na besi ambayo ingeiunguza. Keko bado ipo na maseremala bado wapo. Siku hizi ukimwambia mmoja wao boksi la spika, anakuuliza kama unamaanisha meza ya televisheni.

Kabla boksi halijafungwa kulikuwa na betri. Betri ya tochi, ya volti 1.5, inaguswa kwenye ncha mbili za spika. Ukipatia, koni inachomoza mbele. Ukigeuza nyaya, inazama ndani. Ncha iliyoshikwa chanya koni ikachomoza ilitiwa alama nyekundu, nyumbani kwetu kwa rangi ya kucha ya mama. Kushika betri ilikuwa kazi ya watoto, wa kiume na wa kike, na huko ndiko wengi wetu tulikoingizwa katika mambo haya. Spika mbili zikipingana, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, besi zao hufutana hewani na mwimbaji hajulikani amesimama wapi. Nyumba nyingi mno zinaishi hivyo leo, na wenyewe wanailaumu bendi.

Habari ya nyaya zenye bei ya pikipiki si mila yetu. Waya wa umeme wa milimita 2.5 za mraba unatosha.

Kuziweka spika ni jambo jingine, kwa sababu nyumba zetu hazikujengwa na wachapishaji wa vitabu vya maelekezo. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari haziruhusu upana wa kupita mita 3 hivi. Chumba cha upana wa mita 2.8 kina noti yake, karibu hezi 61, na gitaa la besi likiigusa noti hiyo chumba kizima kinanguruma huku noti za jirani zikimezwa. Mgeni husema spika mbovu, kumbe ni ukuta. Wazee huziweka kwenye ukuta mfupi, zitazame urefu wa chumba, na wanazitoa pembeni, kwani pembe huinenepesha besi. Penye zidaka, mwangwi huvunjikavunjika wenyewe. Kwenye nyumba zetu za bati lisilo na dari, tatizo ni msumari uliolegea: bati husubiri noti yake, nalo likajibu. Mwenye busara hupanda na nyundo kabla hajasogeza spika.

Twita iwe usawa wa sikio, wanasema. Sikio la nani? Vitabu vinamdhania mtu aliyekaa kwenye kochi, peke yake. Kwetu nusu ya wasikilizaji wako mkekani, na sikio la mkekani liko chini sana ya lile la kochini. Ndiyo maana ukiingia kwa watu wetu utaona spika zimeinamishwa mbele kidogo, kipande cha ubao kimetiwa chini ya kisigino. Aliyezoea picha za magazeti anadhani sakafu imekwenda upande.

Sasa kiti, maana hapa ndipo tunapoeleweka vibaya kuliko pote. Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza aliyeomba hataza ya stirio mwaka 1931, alitupa sauti mbili na tatizo moja la adabu. Spika mbili na msikilizaji hufanya pembetatu: zikiachana mita 2, kaa mita 2 kutoka kila moja. Ukisogea kulia, spika ya kulia inakufikia mapema na mwimbaji anahamia huko. Nyumba nzima ina kiti kimoja tu kinachomsikia kila mpigaji mahali pake. Huko Ulaya na Marekani kiti hicho ni cha mwenye mali. Ndiyo starehe aliyoigharamia. Kwetu ni cha mgeni.

Mwenye nyumba hukaa kando, karibu na amplifaya, tayari kubadilisha santuri. "Mjomba, pita katikati." "Hapana, nimekaa pazuri." "Haiwezekani, mjomba, utasikiliza nini huko?" Mjomba hukataa tena, hukubali mara ya tatu, na anayekubali mara ya kwanza husemwa akishaondoka. Wakiwa wageni wawili, mkubwa hukaa kwanza, na baada ya upande mmoja wa santuri anampisha mwenzake bila kuambiwa. Wakati wimbo unaendelea hakuna mazungumzo. Ukiisha, mgeni haisifu spika. Anauliza nani amepiga rithimu, au anabisha kwamba huyu si mpigaji wa bendi ya Sikinde bali wa Maquis, na hapo mwenye spika amelipwa gharama zake zote. Kusifu chombo ni sawa na kumwambia mpishi kwamba sufuria yake ni nzuri. Marehemu baba yangu, wageni wakiwepo, alizisikia spika zake kwa upande wa kushoto tu, maana amplifaya ilikuwa huko, na nyumba yetu haikukosa wageni.

Saa yake ya kukaa katikati ilikuwa kabla hawajafika, naye aliitumia kwa ukaguzi. Santuri ya zamani ya mono ndiyo hakimu: spika zote mbili zinatoa kitu kimoja, kwa hiyo sauti lazima isimame katikati, hewani, mahali pasipo na spika. Ikielemea, moja inasogezwa sentimita chache, mkeka unavutwa, anakaa tena. Vijana leo wanapima kwa simu. Wapime.

Vitambaa navyo vimetukanwa sana. Wajuzi wapya wanacheka vitambaa vya kufuma vilivyofunika spika za mama zetu, eti wanawake waliharibu sauti. Kitambaa cha kufuma ni matundu matupu, na sauti haihitaji zaidi ya hapo. Kiwanda chenyewe kimeiwekea spika kitambaa mbele. Lakini vile vya mama vilizuia vumbi na vidole vya watoto visizamishe twita, na siku ya wageni vilifuliwa na kupigwa pasi, sebule ikajulikana inasubiri mtu. Ukweli ni kwamba spika nyingi za miaka ya 1970 zilizofika salama mikononi mwa hao wanaocheka zililindwa na vitambaa hivyo.

Sasa kila mtu ana kispika cha blutuuthi, kimoja, katikati ya meza. Mpwa wangu anasema ni haki zaidi, maana kila aliyekaa anasikia sawasawa. Anasema kweli, wote wanasikia sawasawa vibaya, na tangu kiingie hakuna tena anayempisha mwenzake, kwani hakuna pa kumpisha. Wimbo unakatwa katikati kwa sababu simu imeita. Mgeni anauliza neno la siri la waifai, anapewa pamoja na soda.

Lakini kinachoniuma zaidi hufanyika misibani, na hakina uhusiano na teknolojia. Nimeona, na si nyumba moja, jozi ya spika ikigawanywa mirathi: kaka amechukua ya kulia, mdogo wake ya kushoto, kwa haki na amani, kila mmoja akaenda kuunganisha yake na televisheni. Wale waliokaa na marehemu miaka yote hiyo wako pale barazani, hawawezi kusema kitu, maana mali si yao. Wazee wenzangu mnaosoma haya, andikeni katika wasia kwamba jozi ni kitu kimoja. Mrithi mmoja aichukue na kuwafidia wenzake kwa thamani yake, kama inavyofanywa kwa cherehani na baiskeli. Na asipopatikana wa kuitaka, yupo kijana mmoja mtaani ambaye kila Jumapili alikuwa anakataa kiti mara mbili kabla ya kukaa. Mpeni yeye, na nyaya zake.