Gia Haiingii, Gia Inachomoka: Kitenzi kama Nyenzo ya Ukarabati wa Mashine Kuukuu ya Boti



1. Utangulizi

Mada hii yaweza kuonekana kuwa inafaa karakana kuliko ukumbi wa chuo kikuu. Hata hivyo, nakusudia kuonyesha kwamba mvuvi anapoeleza kasoro ya gia, kitenzi anachokichagua ndicho kinachomwongoza fundi. Kauli "gia imekufa" haimwelekezi popote. Yaweza kumfanya afungue kisichohitaji kufunguliwa, mwenye chombo alipie vipuri bure, na kasoro yenyewe irudi baharini pamoja na mabaharia.

2. Muundo wa gia

Nazungumzia mashine ya petroli inayofungwa tezini kwa nje. Mashine ambazo Ole Evinrude alianza kuziuza nchini Marekani mwaka 1909 hazikuwa na gia za kubadilisha. Injini ikiwaka, chombo kinakwenda. Katika zile zenye gia za kubadilisha, shafti ya wima hushuka kutoka kwenye injini hadi kwenye kasha la gia lililozama majini. Mwishoni mwake pana gia ndogo inayozungusha gia mbili kubwa zaidi, ya mbele na ya nyuma, kwa pande zinazopingana.

Gia hizi tatu zimeshikana daima. Lakini zile mbili huzunguka juu ya shafti ya rafadha, ambayo mafundi huiita propela, bila kuizungusha shafti yenyewe. Baina yao pana pete yenye meno, inayoteleza juu ya shafti hiyo lakini haiwezi kuzunguka bila kuizungusha. Mkono wa gia ukisukumwa, fimbo huisogeza pete hadi meno yake yaingiliane na ya gia mojawapo. Pete ikisimama katikati, rafadha hutulia. Kwa hakika, basi, kinachoingia si gia bali ni pete.

3. Kauli tatu, kasoro tatu

Kwanza, "gia haiingii". Ukanushi huu unaonyesha kwamba pete haikufika. Mara nyingi kasoro iko njiani: waya au fimbo imeshika kutu, au viungo vyake vimelegea. Injini ikiwa imezimwa, fundi afunue kifuniko, mwenzake asukume mkono wa gia huku rafadha ikizungushwa polepole, naye atazame kama fimbo inakwenda mwendo wake wote. Kusafisha, kutia grisi na kurekebisha urefu wa fimbo huweza kutosha. Kasha halina haja ya kuguswa.

Pili, "gia inaingia, kisha inachomoka". Tuzingatie jozi chomeka na chomoka: kitenzi cha pili chakiri kwamba tendo la kwanza lilitimia, kisha likatenduka. Ikiwa chombo hugongagonga na kuachia mafuta yanapoongezwa, yawezekana fimbo haiifikishi pete mwisho, au kingo za meno zimeviringika. Fundi aanze na fimbo. Kasoro ikibaki, ndipo afungue kasha na kubadilisha pete pamoja na gia iliyolika, kwa kuwa meno mabovu huyala mapya. Vipande vyembamba vya chuma vinavyopanga nafasi baina ya gia virudishwe mahali pake.

Tatu, "gia inaingia, chombo hakiendi". Hapa pete imefika, na injini inanguruma bure. Tuchunguze rafadha kwanza. Katika mashine ndogo, pini inayoifunga yaweza kuwa imekatika. Pini hiyo ni laini kwa makusudi, ili ikatike kabla ya gia. Anayeweka msumari mgumu badala yake ameuhamishia mvunjiko ndani ya kasha. Katika mashine nyingine, mpira uliomo ndani ya rafadha huteleza. Mstari wa rangi upigwe kutoka kwenye kitovu cha ndani hadi kwenye rafadha, kisha chombo kiendeshwe. Mstari ukiachana, mpira umekwisha.

Kabla ya kugusa rafadha, waya za plagi zichomolewe. Aidha, oili ya gia ikitoka nyeupe mfano wa maziwa, maji yameingia, sili zibadilishwe. Na nahodha akumbuke kwamba gia hubadilishwa injini ikiwa imepunguzwa kasi, kwa msukumo mmoja wa uhakika. Mkono unaositasita huyafanya meno yasagane.

4. Hitimisho

Wanaisimu tumezoea kuijadili minyambuliko ya vitenzi kwa mifano ya ubaoni. Hapa tumeona kwamba kuingia, kuingiliana na kuchomoka si mapambo ya sarufi. Ni ramani ya mashine. Tunapoandika vitabu vya ufundi, tusiishie kutafuta majina ya vipuri, kwani nomino hutaja kifaa, bali kitenzi hueleza kilichokisibu. Chombo kinachokokotwa na mkondo kuelekea mwambani hakina nafasi ya kungoja kauli isiyo wazi.