Cheti kwa aliyeonja maradhi: Marekani na wasaidizi wa afya ya akili

WAHENGA walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Katika majimbo mengi ya Marekani, methali hiyo ni kama imegeuzwa kuwa kanuni ya ajira. Mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili, au kutumbukia katika uraibu wa pombe na mihadarati kisha akapata nafuu, anaweza kupewa mafunzo, kutahiniwa, kutunukiwa cheti cha jimbo na kulipwa mshahara ili awasaidie wengine wanaopitia masaibu yale yale.

Mhudumu wa aina hii, ambaye aweza kuitwa msaidizi mwenza, si daktari wala muuguzi. Hapimi ugonjwa wala haagizi dawa. Kazi yake ni kumsikiliza mgonjwa, kumsindikiza kliniki, kumsaidia kutafuta makao na kazi, na kumfunza kuzitambua dalili za kurejewa na maradhi kabla hazijamlemea. Zaidi ya hayo yote, yeye mwenyewe ni ushahidi kwamba nafuu inawezekana.

Wazo lenyewe si geni. Mwishoni mwa karne ya 18, Jean-Baptiste Pussin, aliyekuwa msimamizi wa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, aliwaajiri baadhi ya wahudumu wake kutoka miongoni mwa wagonjwa waliopata nafuu. Mnamo 1935, huko Akron katika jimbo la Ohio, walevi wawili waliotaka kuacha pombe walianza kusaidiana, na huo ukawa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous. Hakuna aliyewadai cheti, kwa kuwa hakuna aliyewalipa.

Kilichobadilisha mambo ni fedha. Mnamo 1999, Georgia ilikuwa jimbo la kwanza kuruhusiwa kugharimia huduma hizi kupitia Medicaid, mpango wa matibabu kwa watu wenye mapato ya chini ambao hugharimiwa kwa pamoja na serikali kuu na majimbo. Kufikia 2001, jimbo hilo lilikuwa limeanza kuwapa vyeti wasaidizi wake wa kwanza. Ikiwa hazina ya umma italipa, basi lazima ijulikane ni nani anayelipwa na kwa kazi gani.

Agosti 15, 2007, asasi ya serikali kuu inayosimamia Medicaid iliyaandikia majimbo yote waraka ulioweka masharti matatu makuu. Kwanza, msaidizi mwenza awe chini ya usimamizi wa mtaalamu wa afya ya akili aliyehitimu. Pili, huduma yake iwe sehemu ya mpango wa matibabu ulioandikwa kwa ajili ya mgonjwa mahususi, wenye malengo yanayoweza kupimwa. Tatu, awe amefuzu mafunzo na kupata cheti kwa viwango vilivyowekwa na jimbo lake, na aendelee kujielimisha akiwa kazini.

Sharti hilo la tatu ndilo lililozaa tofauti zilizopo leo, kwa sababu kila jimbo liliachiwa kuamua viwango vyake. Huko California, sheria iliyotiwa saini na Gavana Gavin Newsom mnamo Septemba 2020 ilifungua njia ya cheti ambacho utaratibu wake ulianza kutekelezwa 2022. Mwombaji sharti awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe na cheti cha shule ya upili au kinacholingana nacho, akiri kwamba ameyapitia maradhi yeye binafsi au kama mzazi au jamaa wa mgonjwa, amalize mafunzo ya saa 80 na apite mtihani. Kwingineko saa hizo ni chache, na majina ya vyeti ni tofauti. Msaidizi anayehamia jimbo jingine hana hakika kwamba cheti chake kitatambuliwa huko.

Ili kupunguza mkanganyiko huo, mnamo 2023 idara ya serikali kuu inayoshughulikia afya ya akili na uraibu, SAMHSA, ilichapisha viwango vya mfano. Ilipendekeza mafunzo ya kati ya saa 40 na 60, pamoja na saa 120 za kazi chini ya usimamizi. Ilishauri pia kwamba mwombaji asidaiwe shahada wala diploma, mradi anaimudu lugha atakayoitumia kazini. Hata hivyo, viwango hivyo si sheria. Jimbo lina uhuru wa kuvifuata au kuvipuuza.

Hapo ndipo penye kitendawili. Maisha yanayomstahilisha mtu kuifanya kazi hii ndiyo yanayoweza kumfungia mlango. Mtu aliyeishi miaka kadhaa katika uraibu huenda aliacha shule. Huenda alikamatwa na mihadarati, akahukumiwa na kufungwa. Anapoomba cheti au ajira, huenda alama zake za vidole zikachunguzwa, na kosa la miaka mingi iliyopita linaweza kumwangusha kabla hajaulizwa amebadilika vipi. Kwa wengi, ada za mafunzo na mtihani ni mzigo mwingine.

Wanaotetea masharti makali wana hoja zao. Mgonjwa wa akili ni rahisi kudhulumiwa, na siri zake zinahitaji kulindwa. Aidha, bila cheti hakuna malipo, na bila malipo kazi hii itabaki kuwa ya kujitolea, inayoachiwa watu walio maskini tayari. Wakosoaji nao wanahofia kwamba kadiri msaidizi anavyobanwa na fomu na ripoti, ndivyo anavyogeuka kuwa karani wa kliniki na kupoteza kile kilichomfanya aaminiwe na mgonjwa.

Kwa upande wa mgonjwa pia kuna milango kadhaa. Ni lazima kwanza akubaliwe katika Medicaid, kisha huduma hiyo iwekwe katika mpango wake wa matibabu. California iliziachia kaunti zake uamuzi wa kuitoa au kutoitoa, kwa hivyo majirani wanaotenganishwa na mpaka wa kaunti wanaweza kuwa na haki tofauti. Hata Wakenya wanaohamia huko kwa kadi ya kijani huguswa na suala hili, kwani sheria ya 1996 kwa kawaida huwataka wahamiaji watu wazima wa aina hiyo wangoje miaka mitano kabla ya kufaidi Medicaid inayogharimiwa na serikali kuu.

Suala hili halipo ughaibuni pekee. Hapa nchini, shirika la Users and Survivors of Psychiatry in Kenya limekuwa likiendesha vikundi vya kusaidiana, na mnamo 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitaja kazi hiyo miongoni mwa mifano mizuri ya huduma za afya ya akili katika jamii. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 nayo yamezipa serikali za kaunti wajibu katika huduma hizo.

Siku kaunti zitakapoamua kuwalipa watu wa aina hii, swali lililowakabili watawala wa Georgia litabisha hodi hapa pia: nani anastahili? Tajriba ya Marekani inaonyesha kwamba cheti kinaweza kumpa heshima na riziki mtu aliyedharauliwa. Inaonyesha vilevile kwamba, masharti yakiandikwa bila kuwashirikisha waliougua, cheti hicho kitaishia mikononi mwa wasiowahi kulala katika kitanda hicho, wala kuwajua kunguni wake.