Safu: Mafuta Yanayoiva Juu ya Mti

Msimu wa safu ukifika Kisangani, mabeseni ya matunda haya ya rangi ya zambarau iliyokolea hutandazwa sokoni kuanzia Makiso hadi Mangobo. Mengine huvuka mto kwa mitumbwi kutoka Lubunga, mengine hufika nyuma ya toleka, baiskeli za abiria za mji huu. Mnunuzi mzoefu hatazami rangi tu. Hubonyeza kwa kidole gumba, kwa kuwa safu iliyoanza kulegea ni ya kuliwa leo, kisha huuliza imetoka kwenye mti wa lupango (kiwanja cha nyumba) gani. Ana sababu ya kuuliza: miti miwili iliyosimama ua mmoja inaweza kuzaa, mmoja tunda laini lenye mafuta mengi, mwingine tunda chachu la kukunja uso.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam huenda hajawahi kuiona. Mti wake kitaalamu ni Dacryodes edulis, wa ukoo mmoja na miti ya ubani na manemane, na gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu wenye harufu. Tunda lina urefu wa sentimita 4 hadi 12. Huanza likiwa la waridi, likiiva huwa buluu inayokaribia weusi. Ndani mna nyama isiyo nene, nyeupe au ya kijani hafifu, iliyofunika kokwa moja kubwa. Wakameruni wanaozungumza Kifaransa huliita prune, Waigbo wa Nijeria ube, Wagaboni atanga.

Safu haipikwi kwa fujo. Maji huchemshwa na chumvi, sufuria huteremshwa, safu hutumbukizwa na kufunikwa dakika chache tu hadi nyama ilainike. Ikizidi hapo hupasuka na utamu wake kubaki majini. Wengine huifukia katika majivu ya moto kando ya makaa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora, maana ukali hupungua na harufu hubaki. Huliwa kwa kwanga (mkate wa muhogo), kwa muhogo wa kuchemsha, kwa mahindi ya kuchoma. Ndizi ya kuchoma yenye chumvi na pilipili pembeni inavipita vyote.

Tumezoea kuihesabu safu kama kitu cha kutafuna wakati chakula kinasubiriwa. Nasema safu yenyewe ni chakula. Matunda mengi hutupa sukari na maji, hili hutupa mafuta. Nyama yake ikikaushwa, theluthi moja hadi zaidi ya nusu ya uzito unaobaki huwa ni mafuta, kwa hiyo jamaa yake wa karibu mezani ni parachichi. Ndani ya mafuta hayo mna asidi ya oleiki, ileile inayosifiwa katika mafuta ya zeituni, na asidi ya linoleiki, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Mna pia asidi ya palmitiki, iliyomo kwa wingi katika mawese.

Sasa itazame sahani ya kawaida ya familia ya jimbo letu la Tshopo. Muhogo hushibisha, lakini karibu hauna mafuta, na protini yake ni kidogo sana. Tumbo la mtoto ni dogo: hujaa kabla hajapata nguvu anazohitaji. Safu mbili tatu kando ya muhogo huongeza nguvu nyingi bila kuongeza wingi. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Lengalenga, yaani mchicha, ina viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na viini hivyo hufyonzwa vizuri pale tu mlo unapokuwa na mafuta. Nyumba ambayo chupa ya mawese imekauka inaweza kuyapata mafuta hayo kutoka mti wa uani.

Ila nina neno kwa wanaonadi magome na majani yake kama dawa ya kila ugonjwa. Wazee wameyatumia kwa vidonda na kuhara, na maabara zimeyapima kwa mengi. Lakini hakuna jaribio la maabara linalompa mgonjwa wa kisukari ruhusa ya kuacha vidonge vyake.

Kinachoikwamisha safu ni kutokaa. Linganisha: Ulaya ya kaskazini wana tunda lao la msituni, lingonberry, jekundu, dogo na chachu. Lina asidi ya benzoiki kiasili, kwa hiyo hukaa miezi likiwa limezamishwa tu katika maji. Waswidi hulila na nyama, na jemu yake imesafiri dunia nzima. Safu haina bahati hiyo. Ikichumwa, baada ya siku tatu hadi tano imelegea. Soko la Kinshasa liko kilomita 1,700 hivi kwa njia ya mto, na mashua inaweza kuchukua majuma. Basi mavuno yanapokuwa makubwa, bei huanguka hapahapa, na jioni mama muuzaji hutoa beseni zima kwa hasara.

Inauma zaidi kwa kuwa utaalamu wa miti haujawahi kuwa mbali nasi. Yangambi, kilomita 100 hivi tukiteremka mto, kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC kilianzishwa mwaka 1933, ambacho leo ni INERA. Hapo watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 jinsi unene wa gamba la kokwa ya mchikichi unavyorithiwa, na kutokana na kazi hiyo mashamba ya Malaysia na Indonesia yanavuna mawese hadi leo. Mchikichi ulipata wanasayansi. Safu ilibaki uani, ikipandwa kwa kokwa, na anayepanda kokwa husubiri miaka mitano au zaidi kabla ya kujua kama mti wake utazaa vizuri au ni dume lisilo na matunda.

Njia ya kukwepa kusubiri huko inajulikana, na nchini Kameruni imefundishwa kwa wakulima tangu miaka ya 1990. Tawi la mti mzuri huchunwa gome kwa mduara, sehemu hiyo hufungwa udongo wenye unyevu ndani ya plastiki, na mizizi ikishatoka tawi hukatwa na kupandwa. Litazaa mapema, na tunda lake litakuwa lilelile la mama yake. Wa kuulizwa kwanza ni wauzaji wa soko, maana wao ndio wanaojua ni lupango gani, mtaa gani, wenye mti wa safu ambao wateja huugombania.