Maoni Yangu Juu ya Sinema, Muziki na Vitabu vya Picha



Bwenini tunapobishana juu ya sinema, huulizana ipi ina mapigano mengi. Mimi nina kipimo kingine: je, bibi yangu wa Palma ataipenda? Kireno hakijui, lakini Kimwani na Kiswahili anavijua barabara.

Kwanza, sinema. Vuta N'kuvute ilitolewa mwaka 2021, nayo imeongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Yaeleza habari za Yasmin, msichana wa asili ya Kihindi aliyeozwa mume mzee, na Denge, kijana aliyepigania uhuru Unguja siku za Mwingereza. Haina mbio za magari, na wenzangu wawili walisinzia. Bibi alikaa mpaka mwisho, akimjibu Yasmin kana kwamba ni jirani yake. Hakuhitaji mkalimani. Naisifu sana.

Pili, muziki. Wazee husema bongo fleva imeua taarab. Mimi sikubali. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, mwimbaji mashuhuri wa taarab, na mwaka 2020 waliimba pamoja wimbo wa Mauzauza. Kaseti za bibi zilipotea tulipokimbia vita mwezi wa Machi 2021. Likizo iliyopita nilimpigia wimbo huo katika simu. Akaitambua sauti ya mama kabla sijamtajia jina. Dosari ya muziki huu mpya ni kwamba mara nyingi ngoma za mashine hufunika maneno.

Tatu, vitabu vya picha. Supa Strikas, kilichoanza Afrika Kusini mwaka 2000, tunakigombania kwa sababu ya Shakes na mabao yake. Michoro ni mizuri. Lakini bibi alipofunua kurasa aliniuliza, "Mjukuu wangu, watoto hawa kwao wapi? Mbona hawaendi nyumbani kula?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nafikiri juu ya kukimbia kwetu na kurudi kwetu. Sijaona bado kitabu cha picha chenye habari hizo kwa Kimwani wala Kiswahili. Basi nimeanza kuandika maneno, bibi akinisimulia. Kuchora siwezi. Aliye na mkono mwepesi wa kuchora na anijie kabla ya likizo, maana bibi amezeeka.

Mwenye maoni mengine naye aandike.