Wamekwisha Kumtabiri Mshindi: Je, Twende Kupiga Kura?

Ndugu msomaji, yapo maneno mawili ambayo hapa kwetu Ruanda, katika Wilaya ya Mbozi, husikika kila uchaguzi ukaribiapo. Husemwa nje ya kanisa baada ya Misa, husemwa kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, husemwa na akina mama wakingoja zamu ya maji. La kwanza ni hili: "Wataalamu wamekwisha kuhesabu, mshindi anajulikana." La pili: "Kura yangu moja itaongeza nini?" Ukiyatazama vizuri utaona ni ndugu wa tumbo moja, kwa maana anayelisadiki la kwanza hakawii kulisema la pili. Basi tuyachambue, tukianza na hilo la wataalamu.

Jina lenyewe huwapoteza watu. Redio husema "kura za maoni". Lakini kura za maoni ni jina la zile kura ambazo chama hupiga ndani kwa ndani kuchagua wagombea wake, na tena nchi nzima ikiulizwa swali moja kuhusu katiba, hiyo nayo huitwa kura ya maoni. Mambo matatu, jina moja! Mimi hapa nasema juu ya upimaji wa maoni, yaani watu wachache kuulizwa watamchagua nani, ili kukisia watu wote watafanyaje.

Kazi hiyo si ramli, wala si udanganyifu. Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini ili alikague. Huchukua bambo, kile kijibomba chenye ncha, akalichoma gunia, zikamshukia punje chache kiganjani, na kwa punje hizo akasema mahindi ni makavu au ni mabichi. Akiyachoma magunia ya kila upande wa ghala, ya juu na ya chini, neno lake ni la kuaminika. Akichoma ya mlangoni tu, na kumbe yale ya nyuma yalinyeshewa, atanunua uvundo. Upimaji wa maoni ni bambo. Wafaa kwa kadiri ya mkono unaoushika.

Tuangalie mwaka 2015. Mwezi wa Septemba mwaka huo shirika la Twaweza lilitangaza matokeo ya kuwauliza kwa simu watu 1,848 wa Tanzania Bara. Katika kila mia, 65 walisema watamchagua John Magufuli, na 25 walimtaja Edward Lowassa. Kampuni ya Ipsos nayo ilipata 62 na 31. Kura zilipigwa tarehe 25 Oktoba, na Tume ikatangaza kwamba Magufuli amepata 58 na kitu katika mia, na Lowassa karibu 40. Kwa hiyo wapimaji walipatia nani atatangulia. Lakini fungu la yule wa pili Twaweza walilikosea kwa 15 katika kila mia, na hiyo si punje moja iliyodondoka.

Kwa nini? Sababu moja ni wakati. Maoni yale yalikusanywa Agosti na mwanzo wa Septemba, kampeni zikiwa bado changa, na mtu ana ruhusa ya kubadili nia. Sababu nyingine ni ya kibinadamu, nasi makarani wa parokia twaijua sana. Uliza katika jumuiya ni nani aliyemaliza zaka ya mwaka; mikono itainuka kama msitu. Kisha fungua daftari! Mtu aulizwapo na mgeni, hasa kwa simu, hujibu lile analodhani litampendeza muulizaji, au lile lisilomletea matata.

Tena kuna jambo ambalo bambo la nchi nzima haliwezi kukuonyesha kabisa, nalo ni kijiji chako. Siku ileile, wakati nchi nzima ilipohesabiwa kuwa upande wa CCM, majimbo yetu ya Mbozi, Momba na Tunduma yalichagua wabunge wa CHADEMA, na jirani zetu wa Vwawa, Ileje na Songwe wakachagua wa CCM. Sisemi haya nipate kusifu chama hiki au kile. Gazeti hili si la chama. Nasema kwamba mtu wa Tunduma ambaye Septemba ile alisikia namba za redio akaamua kubaki nyumbani, alibaki kwa sababu ya hesabu isiyohusu jimbo lake.

Lakini nisieleweke vibaya kwamba nawachukia wapimaji. Mwaka 2018 hao hao Twaweza walitangaza kwamba sifa za Rais zimeshuka, kutoka 96 katika mia mwaka 2016, zikawa 71 mwaka 2017, kisha 55. Kumbe jambo hilo likawaletea taabu, na Septemba mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya takwimu iliyowatisha watu kutangaza hesabu zinazopingana na za Serikali. Mwaka 2019 ililegezwa. Kwa maoni yangu nchi inayowaacha watu wapime na kupimwa ni salama zaidi. Kosa si kupima. Kosa ni sisi tunaosikiliza, tunapoyafanya maoni ya watu wachache kuwa kura zetu sote.

Sasa tuje kwa yule anayesema kura moja haiongezi kitu. Mwaka 2010 waliojiandikisha walikuwa milioni 20 na zaidi kidogo. Waliokwenda kupiga kura ni milioni 8 na laki 6. Mshindi, Rais Kikwete, alipata kura milioni 5 na laki 2 na ushee. Fanya hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: waliobaki nyumbani walikuwa zaidi ya milioni 11, yaani zaidi ya mara mbili ya waliomchagua mshindi! Na siku ile ilikuwa Jumapili, tarehe 31 Oktoba. Mtu angeweza kutoka Misa ya kwanza akapitia kituoni. Kabla yake wapimaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wametangaza zaidi ya 70 katika mia kwa mgombea huyo, naye akapata 60 na kitu. Sisemi kwamba tangazo lile ndilo lililowakalisha watu vitini. Lakini kila mmoja wa wale milioni 11 alijiona ni mmoja tu.

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, pale Nakonde, wana kisa cha kutosha. Zambia ilipiga kura Januari 2015 baada ya Rais Sata kufa. Mvua ilikuwa nyingi, watu wengi hawakutoka; walipiga kura 32 tu katika kila mia ya walioandikishwa. Edgar Lungu alimshinda Hakainde Hichilema kwa kura 27,757. Hesabu hiyo ni ya watu wa mji mdogo tu. Agosti 2021 walikutana tena wawili hao, safari hii watu 70 katika mia wakatoka wakapanga mistari mirefu, na Hichilema akashinda kwa karibu kura milioni moja. Lungu akaondoka Ikulu.

Kanisa limekwisha kunena juu ya jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwakumbusha raia kwamba kupiga kura kwa uhuru ni haki yao na tena ni wajibu wao kwa ajili ya manufaa ya wote, na Katekisimu, katika namba 2240, inaiweka kura pamoja na kulipa kodi na kuitetea nchi. Hayo tumeyasikia mara nyingi. Ila nisingetenda haki kama ningeishia hapo, maana leo kuna swali zito kuliko la uvivu.

Swali ndilo hili: itakuwaje mtu akiacha kupiga kura si kwa kuwa hajali, bali kwa kuwa haamini sanduku? Tarehe 29 Oktoba 2025 tulipiga kura chama kikubwa cha upinzani kikiwa kimezuiliwa, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akiwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Tume ilitangaza kwamba Rais Samia amepata zaidi ya 97 katika mia, na kwamba 87 katika mia ya walioandikishwa walipiga kura. Siku ile na zilizofuata kulikuwa na maandamano, intaneti ilizimwa, na watu waliuawa. Maaskofu wetu Katoliki walitoa tamko mwezi wa Novemba, wakayalaani mauaji yale, na Serikali iliunda tume ya kuchunguza chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kijana akikuambia leo, "Baba, kwa nini nipange mstari?" usimwite mvivu. Anauliza jambo la kweli.

Nami namjibu kwa kumpeleka Tabora, Januari 1958. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeleta uchaguzi wa namna ya kudharau. Mpiga kura ilimpasa awe amesoma kiasi, au awe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe na cheo. Basi mkulima wa kawaida alikuwa nje. Na aliyeruhusiwa alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja, asipofanya hivyo kura yake huharibika. Wana-TANU wengi walitaka kuususia. Mwalimu Nyerere aliomba waingie. Ubishi ulikuwa mkali, hata Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. Lakini waliingia, na watu waliokubaliwa na TANU wakashinda. Agosti 1960 TANU ikapata viti 70 katika 71, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ikashuka. Sheria ile mbaya iliondolewa na watu walioitumia.

Utaniambia: "Mwingereza angalau alihesabu kura zilivyopigwa." Kweli, na hapo mfano wa Tabora unafika ukingoni. Ndipo tuvuke mto Songwe tuingie Malawi. Mwezi Machi 1992, katika Kwaresima, maaskofu Wakatoliki wa Malawi waliandika barua iliyosomwa makanisani, wakautaja wazi uonevu wa utawala wa Rais Banda. Juni 1993 watu wakaulizwa kama wanataka vyama vingi, na karibu theluthi mbili wakasema ndiyo. Halafu mwaka 2019 kukawa na uchaguzi wa rais ambao fomu zake za matokeo zilifutwafutwa kwa wino mweupe. Wananchi walikwenda mahakamani, na tarehe 3 Februari 2020 majaji waliufuta uchaguzi. Juni ukarudiwa, na aliyekuwa wa pili, Lazarus Chakwera, akawa Rais. Septemba 2025 hao hao Wamalawi wakamwondoa naye kwa kura. Ushahidi wa kesi ile ulikuwa nini? Ni fomu za vituoni, na mawakala waliosimama hapo. Aliyebaki nyumbani hakuacha karatasi yoyote ambayo jaji angeishika mkononi.

Kwetu ni kweli kwamba ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977, iliyotumika hata 2025, inazuia mahakama kuuchunguza uchaguzi wa rais baada ya Tume kutangaza mshindi. Hilo ni jambo la kudaiwa libadilishwe, na kulidai kwa amani si dhambi. Lakini kesi ya mbunge au diwani husikilizwa. Na tazameni upande wa pili pia: uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 vyama vingi vya upinzani viliususia, CCM ikachukua 99 katika mia ya viti, na vijiji vikaongozwa miaka mitano na watu ambao wengi wao hawakupigiwa kura hata moja. Zanzibar, Machi 2016, CUF walisusia uchaguzi wa marudio; mpinzani wao alitangazwa mshindi kwa 91 katika mia na akatawala hadi 2020. Kususia kunaeleweka. Sijaona bado mahali hapa kwetu palipokuletea mwenye kususia kile alichokitaka.

Na ikiwa moyo wako umevunjika kwa kura ya Ikulu, bado iko kura ya kitongoji, ambayo hakuna shirika lolote linalokuja kuipima. Huko wapiga kura ni majirani, na mgombea unamjua tangu alipokuwa akichunga mbuzi. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, chini ya sheria namba 5 ya 1999, nayo haina ruhusa ya kugawa mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Shamba la kahawa ulilorithi, njia ya kwenda mtoni, mahali pa shule, yote hupita mikononi mwa watu hao. Katika kitongoji kura kumi ni familia mbili zilizokula chakula cha mchana mapema.

Uchaguzi huo huja kila miaka mitano, na wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Orodha ya wapiga kura wake ni tofauti na daftari la kudumu la Tume. Mwaka 2024 wengi walidhani kadi ya Tume inatosha, wakaacha zile siku kumi za kujiandikisha, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, zikapita. Orodha hubandikwa ili isomwe. Nenda uisome, utazame jina lako, na utazame kama yamo majina ya watu usiowajua au ya waliokwisha kufariki, useme mapema kabla ya siku yenyewe. Na bibi asiyeona vizuri, au babu asiyejua kusoma, sheria inamruhusu aende na mtu anayemwamini amsaidie kuweka alama. Basi mpangeni nyumbani ni nani atakayemsindikiza.