Ulimi nao ni kipimo: Tuchunge tunaponadi na kupigia debe

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, Kiswahili kina maneno mengi ya kukifanya kitu kijulikane kwa watu. Wazee walipiga mbiu, yaani walipuliza pembe, na kila aliyesikia akajua kuna jambo. Mnadani bidhaa hunadiwa, na dalali humtafutia mwenye mali mnunuzi. Katika stendi za mabasi mpiga debe huita abiria. Na siku hizi mgombea, shule, duka na hata dawa hupigiwa debe.

Tuyatazame maneno mawili kati ya hayo. "Kunadi" asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotumika katika Suratul-Jumua aya ya 9, pale Allah (S.W.) alipowaamrisha waumini kuacha biashara inaponadiwa sala ya Ijumaa. Basi neno linalomwita mnunuzi ndilo linalomwita mja kwa Mola wake. "Debe" nalo ni lile kopo la mafuta ya taa la lita 18 hivi, ambalo wauza nafaka walilifanya kipimo. Kwa chombo hicho hicho watu wakapima, na kwa hicho hicho wakapiga kelele. Wahenga wakatuonya kuwa debe tupu haliachi kuvuma.

Kunadi si haramu

Uislamu haukukataza kutangaza biashara. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), Ansari mmoja alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuomba, naye nyumbani hana ila tandiko na bakuli. Mtume (S.A.W.) alivinadi vitu hivyo mbele ya sahaba zake. Mmoja akataja dirhamu 1. Mtume akauliza nani ataongeza, na mwingine akatoa 2. Yule Ansari akanunua chakula kwa dirhamu moja na shoka kwa nyingine. Baada ya siku 15 za kukata na kuuza kuni alirejea akiwa amepata dirhamu 10.

Aidha, Imam Bukhari ametaja kuwa wanavyuoni kama Ibn Sirin na Ataa hawakuona ubaya katika ujira wa dalali.

Kilichokatazwa ni udanganyifu. Mtume (S.A.W.) alikataza najshi, yaani kupandisha bei ya kitu usichokusudia kukinunua ili mwingine anaswe. Alitufundisha pia kwamba viapo vya muuzaji huitoa bidhaa lakini huifuta baraka. Na alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi.

Yaliyotukuta

Msomaji mpendwa, haya hatuyasemi kwa kuyasoma vitabuni tu. Mwaka 2012, baada ya Sala ya Ijumaa, tulisimama mbele ya waumini tukaisifu ofisi moja iliyokuwa ikiandikisha mahujaji. Hatukuwa tumeichunguza. Wakala wake alikuwa ameahidi zulia kwa ajili ya msikiti, nasi tukaona mwenye kutoa zulia hawezi kuwa mtu mbaya.

Zulia lilikuja. Safari haikuja, na ofisi ikafungwa. Miongoni mwa waliolipa alikuwemo mama mmoja mzee aliyeuza shamba lake la minazi. Alitufuata nyumbani, akaketi, akasema kwa upole: "Mwanangu, ofisi ile mimi sikuijua. Nilikujua wewe."

Hakutulaumu zaidi ya hapo. Usiku ule tulirejea Suratun-Nisaa aya ya 85, inayofundisha kuwa mwenye kuombea jema hupata fungu lake, na mwenye kuombea baya hubeba sehemu ya mzigo wake. Aya hiyo tulikuwa tumeisomesha miaka mingi. Ijumaa iliyofuata tulisimama pale pale, tukakiri kosa letu kwa sauti ile ile tuliyoinadi nayo ofisi. Fedha za mama yule tulizirudisha kidogo kidogo kutoka mfukoni mwetu. Tulipomaliza, maradhi yalikwisha kumzuia kusafiri. Mwanawe ndiye aliyemhijia baadaye.

Tufanye nini?

Enyi wazazi, leo kila mwenye simu ni mpiga mbiu. Kijana hutuma tangazo la dawa, mkopo au kazi ya ughaibuni kwa jamaa zake wote kabla hajalisoma hadi mwisho. Tuwazoeze watoto wetu, na sisi wenyewe, kujiuliza mambo matatu. Je, kitu hiki tunakijua kwa hakika? Suratul-Israa aya ya 36 inatukataza kufuata tusiyo na elimu nayo. Je, aibu yake tumeitaja pamoja na uzuri wake? Je, kama tumelipwa au tumeahidiwa chochote, msikilizaji amejulishwa?

Suratul-Mutaffifin imewaahidi adhabu kali wanaopunja vipimo. Anayekisifu kitu kupita kilivyo amepunja pia, kwani ulimi wake ndio debe ambalo mwenzake amepimiwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyanadi bila ya kuyajua, na azijaalie ndimi zetu kuwa vipimo vya haki. Amin.