Je, Wajua? Clove ya Karafuu si Clove ya Thomu

Je, wajua kwamba "clove", neno ambalo watembeza wageni wa mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi hulitamka kutwa nzima, limo mara mbili katika kamusi za Kiingereza? Mpiga chapa hakukosea. Ni maneno mawili yaliyofanana sura na sauti bila ya kuwa na udugu wowote. La kwanza ni karafuu. La pili ni ile chembe moja ya thomu unayoimenya kabla ya kuitwanga pamoja na tangawizi. Kamusi hutia tarakimu ndogo pembeni mwa kila moja, 1 na 2, kama zetu zinavyotenganisha kaa wa pwani, kaa la moto na kaa kitako. Wanafunzi wengi husoma la 1 wakafunga kitabu.

Ukichanganya viwili hivyo kwenye pilau, huenda usigundulike. Lakini Wafaransa wana pishi lao mashuhuri la kuku na chembe 40 za thomu, na Kiingereza huliita kuku wa "forty cloves of garlic". Mtu aliyeishia kwenye maana ya kwanza atatia karafuu 40 sufuriani, na nyumba nzima itanukia kama kwa daktari wa meno. Hilo la daktari wa meno wala si mzaha: harufu ya vyumba vyao hutokana na yujenoli, kemikali iliyojaa kwenye mafuta ya karafuu, ambayo hutuliza maumivu ya jino na hutumika katika dawa za kuzibia.

Kinga yake ni nyepesi. Ukiona "of garlic" au "garlic" karibu ya neno hilo, ni thomu. Likiwa peke yake kwa wingi, "cloves", au limetanguliwa na "whole" au "ground", ni karafuu nzima au ya kusaga.

Je, wajua linavyotamkwa? Linakwenda na "stove", haliendi na "love". Na ukiliandika kwa g mwanzo umeshamvisha mtu glavu.

Je, wajua kwamba "clove" ya kiungo maana yake ya asili ni msumari? Waingereza waliliokota kwa Wafaransa, ambao msumari huuita "clou", nao wamelirithi kutoka Kilatini, "clavus". Chukua karafuu kavu moja uiweke kiganjani: mguu mwembamba, kichwa kimevimba juu, hata ncha yake yachoma. Si Wafaransa peke yao waliouona msumari huo. Wahispania husema "clavo", na jina la Kijerumani na la Kiholanzi yote yana msumari ndani yake. Waajemi huita kijisumari. Wachina huita harufu ya msumari. Sisi tunaoilima hatukuona msumari wowote. Tulichukua jina la Waarabu, qaranful, ambalo wapo wataalamu wanaolihusisha na Kigiriki. Na mfanyabiashara wa Kigujarati wa Mji Mkongwe alikuwa na lake, "laving". Kwa hivyo gunia moja likitoka shamba kwenda bandarini liliweza kubadilisha jina mara tatu kabla halijapakiwa.

Je, wajua kwamba karafuu si mbegu wala si tunda? Ni tumba la ua, linalochumwa kabla halijafunguka. Likishafunguka thamani yake imeshuka. Watembeza wageni kadhaa nimewasikia wakisema "seed", na wageni wakaandika hivyo hivyo kwenye madaftari yao. Neno linalotakiwa hapo ni "bud", na kwa ukamilifu "flower bud".

Je, wajua mkarafuu si mti wa asili wa Unguja? Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Uliletwa huku mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abri, aliyeupanda Mtoni na Kizimbani. Baadaye Sultani Sayyid Said aliyachukua mashamba ya Saleh. Kimbunga cha Aprili 1872 kikaing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi, Pemba ikanusurika sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Unguja imebaki na bandari, afisi na watalii. Wanaotoka Pemba wataniunga mkono, tena kwa sauti.

Je, wajua kuwa ipo "clove" ya tatu? Hii ni ya mabaharia: "clove hitch", fundo la mizunguko miwili la kufungia kamba kwenye nguzo au mlingoti. Haina uhusiano na karafuu hata chembe. Inatokana na kitenzi "cleave", kupasua, ambacho wakati uliopita wake wa zamani ni "clove". Kamba ya fundo hilo huonekana kama iliyopasuliwa mistari miwili. Chembe ya thomu nayo ni ya ukoo huo, kwani kichwa cha thomu kimegawika. Na kwato za ng'ombe na mbuzi, zilizopasuka kati, huitwa "cloven". Kinachochekesha ni kwamba kuna "cleave" nyingine yenye maana ya kushikamana, tena ukitia "to" baada yake. Yaani Mwingereza hupasua na hugandana kwa neno moja. Asikucheke tena kwa ngeli zako.

Je, wajua kwamba karafuu zetu ziliwahi kuingia kwenye "boycott"? Neno lenyewe ni jina la mtu: Charles Boycott, msimamizi wa mashamba huko Mayo, Ireland, ambaye mwaka 1880 wapangaji na majirani waligoma kumfanyia kazi, kumuuzia na hata kusema naye. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilipitisha sheria ya kukipa chama kimoja, Clove Growers' Association, haki ya pekee ya kununua karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Mji Mkongwe wakasusa, Bombay nayo ikawaunga mkono, na hapo soko likayumba kwa sababu India ilikuwa mnunuzi mkubwa. Maafikiano yalipatikana 1938. Ukitaka kulitumia sawasawa, "boycott" ni kususia: kukataa kununua, kuhudhuria au kushirikiana. Mfanyakazi anayeweka chini zana zake yuko kwenye "strike". Na "boycott" hubeba yambwa yake moja kwa moja. Usiichomekee "against" katikati.

Je, wajua neno jingine la shambani lenye mapacha wasiojuana? "Mace". Mtembeza wageni akilipasua tunda la kungumanga, ndani hutokea kokwa nyeusi inayong'aa, imevishwa utando mwekundu wenye matundu kama wavu. Kokwa ndiyo "nutmeg". Utando ndio "mace", kwetu basibasi; ukikauka wekundu hufifia ukawa wa rangi ya chungwa iliyochujuka. Viungo viwili, tunda moja. Lakini Mwingereza aliyezoea habari za bunge akisikia "mace" hufikiria siwa, lile rungu la heshima linalotangulia mbele ya Spika. Neno hilo limetoka kwingine kabisa, na zamani lilikuwa rungu la kupasulia vichwa vya watu vitani. Siwa yetu ina historia ya upole zaidi: ilikuwa pembe kubwa ya kupulizwa kwenye sherehe za watawala wa Pate na Lamu.

Haraka haraka sasa.

Je, wajua kwa nini Unguja tunasema skuli na Bara wakasema shule? Sisi tulitawaliwa na Waingereza tangu 1890. Wao walianza na Wajerumani, ambao shule yao ni "Schule".

Je, wajua meli asili yake ni "mail", barua? Ni zile stima zilizobeba barua. Na manowari ni "man-of-war", neno ambalo watu wa Mji Mkongwe walikuwa na sababu ya kulijua tarehe 27 Agosti 1896, jumba la Sultani lilipopigwa mizinga kwa dakika 38 hivi. Lakini usimwandikie mtahini "man-of-war" leo, limechakaa. Andika "warship".

Je, wajua kwamba safari ya Kiswahili na "safari" ya Kiingereza zimeshaachana? Miongoni mwa waliolipeleka neno hilo kwa wasomaji wa London ni Richard Burton, aliyefika Unguja Desemba 1856 na kuchapisha kitabu chake cha maziwa makuu mwaka 1860. Lilipofika huko likabana: siku hizi ni msafara wa kwenda kutazama wanyama, na zamani kuwawinda. Ukimwambia Mwingereza unakwenda "safari" Chake Chake, atakuuliza kama kuna tembo. Sema "journey" au "trip".

Na la mwisho. Je, wajua kwamba huenda "dengue" ni neno letu? Dk. James Christie, Mskochi aliyetibu watu hapa Unguja, aliushuhudia mlipuko wa homa hiyo mwaka 1870, akaambiwa na wazee kwamba iliwahi kuja miaka ya 1820 na kwamba inaitwa kidinga pepo. Christie akashikilia kuwa jina hilo lilivuka bahari likafika visiwa vya Karibiani, likageuzwa "dengue" kwa midomo ya Wahispania, ndipo Waingereza wakalichukua. Wanaisimu hawajakubaliana wote, lakini dai lake bado linatajwa, na leo matangazo ya afya nchini husema kidingapopo. Kwa Kiingereza litamke "deng-gi". Na ukipata homa ya ghafla yenye maumivu makali nyuma ya macho na kwenye viungo, nenda ukapime. Usimeze asprini wala ibuprofeni kabla hujajua una nini, kwani dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu kwa mwenye kidingapopo.